Mwajiri wa Mwanakheri

Nchi ninayoieleza hapa ina jina lake, ila jina hilo lilipelekwa makao makuu kuhakikiwa na mpaka leo halijarudi. Kwa hiyo nitaiita nchi tu. Ukiona inafanana na kwenu, usiseme kwa sauti. Funga dirisha kwanza, kisha usome.

Katika nchi hiyo ilitoka sheria moja nzuri sana. Nasema nzuri kwa sababu redio ilisema ni nzuri, ikarudia mara tatu, na mara ya nne ikasema asiyeuona uzuri wake ajitokeze aelekezwe. Hakujitokeza mtu. Sheria ilisema kila afanyaye kazi ni lazima awe mmoja kati ya wawili: ama mwajiriwa, ama mkandarasi binafsi. Mwajiriwa hukatwa kodi na mwajiri wake kabla ujira haujamgusa mkono, naye hupewa kadi ya kijani. Mkandarasi binafsi huipeleka kodi yake mwenyewe dirishani kila Jumatatu, naye hupewa kadi ya njano. Rangi ya tatu haikuchapishwa.

Mheshimiwa Mlezi wa Kodi alihutubia saa nzima. "Ndugu wananchi," alisema, "taifa lisilojua nani kaajiriwa na nani hakuajiriwa ni kama mama asiyejua nani kala na nani hajala. Serikali yenu ni mama. Na mama akikuuliza swali, unajibu."

Maswali yalikuwa matatu. Nani anakupangia saa ya kazi? Zana ni za nani? Unaweza kukataa? Aliyepangiwa saa, akapewa zana, asiweze kukataa, huyo ni wa kijani. Aliyejipangia, mwenye zana zake, awezaye kukataa, huyo ni wa njano. Majibu yakichanganyika, mtu huyo husemwa amebaki kati, na waliobaki kati walipelekwa kwenye ghala la pamba nje ya mji, kupumzishwa mpaka waeleweke. Kutoka mwezi wa sheria hadi huu ninaoandika, aliyeeleweka akiwa mle ndani ni mmoja tu, naye alieleweka kwamba amekufa.

Basi watu wakaanza kujitayarisha. Kinyozi wa sokoni alimnyoa mteja nusu kichwa, nusu ya pili akaikataa mbele ya mashahidi wawili, ili apate ushahidi kwamba anaweza kukataa. Mteja alishukuru, akaondoka haraka. Mzee Lukuba mchungaji aliulizwa nani anampangia saa, akasema ng'ombe, maana wakitaka maji hawangoji. Aliulizwa kama anaweza kuwakataa, akasema hawezi. Ng'ombe wakaletwa ofisini, wakapanga foleni vizuri kuliko sisi, na yule mwekundu mwenye pembe moja akagongwa muhuri sikioni kuwa mwajiri mwenye dhamana. Tulicheka siku hiyo. Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka watu wamecheka pamoja.

*

Mimi naitwa Mwanatumu, mjane wa marehemu Athmani fundi makuti. Kazi yangu ni kuosha maiti za wanawake. Nilirithi kwa mama mkwe, naye kwa mama yake. Hatuoshi peke yetu. Mmoja anaosha, mwingine anamimina maji, na mmiminaji wangu kwa miaka mingi alikuwa Mwanakheri, ambaye hajaolewa tena tangu alipoachwa, na ambaye mdomo wake hauna kizuizi popote isipokuwa mbele ya maiti. Mbele ya maiti mmiminaji hasemi. Mimi nasema "Mimina," yeye anamimina. Nikisema "Basi," anaacha. Mwisho wenye msiba hutupa ada: nguo aliyokuwa nayo marehemu, na kipande cha sabuni kilichobaki. Hatutaji kiasi, na wala haturudi kudai.

Alikuja Afisa Mwainishaji wa Wilaya, Bi. Tausi, mwanamke mwenye sauti laini, na muhuri wake umefungwa mkononi kwa mnyororo mwembamba kama bangili. Nyuma yake alikuwa karani wake, Kingaru, mwenye rula na mkasi, maana ada ya nguo hukatwa kodi kwa nguo. Afisa alinipa shikamoo, kwa kuwa adabu ilikuwa haijafutwa. Nikaitikia marahaba. Karani akaandika: amekubali salamu.

"Bi. Mwanatumu, nani anakupangia saa?"

"Anayekufa, mwanangu."

"Na yeye nani anampangia?"

 Mwanakheri akanitangulia. "Mwenyezi Mungu," alisema. "Au hiyo nayo imebadilishwa? Redio yetu haina betri."

Karani akaandika.

"Zana?"

"Kitanda cha kuoshea ni cha msikiti," nikasema. "Kata na ndoo ni za wakfu. Maji ni ya Mungu."

"Mnaweza kukataa?"

Hapo nikaona mkono wa karani umesimama juu ya karatasi, unangoja kama paka. Mwanakheri akasema, "Tutakataaje? Maiti asipooshwa, dhambi ni ya mji mzima. Na wewe umo, mwanangu."

Afisa Tausi alifunga macho kidogo, akahesabu kwa vidole. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba kwa vigezo vyote vitatu mwoshaji ni mwajiriwa wa Mwenyezi Mungu, na mwajiri huyo hajasajiliwa wilayani. Ofisi itamwita. Mimi, kwa kuwa ndimi mkuu wa kazi, nitapewa karatasi ya muda. Likabaki la mmiminaji. Yeye saa anapangiwa na mimi, na amri anapewa na mimi, kwa neno "Mimina" na neno "Basi." Akanigeukia.

"Huyu umemwajiri wewe?"

Wallahi nililielewa swali. Nikisema ndiyo, Mwanakheri atapata kadi ya kijani na kulala kwake. Lakini nitakuwa mwajiri mimi, na mwajiri ana mafaili, na mafaili yana maswali ya nyuma, miaka kumi na minane ya nguo na sabuni ambazo hazikukatwa. Niliona ghala. Niliona mkasi. 

"Sikumwajiri," nikasema.

Nayo ilikuwa kweli. Sikuwahi kumwajiri mtu maishani mwangu. Mwanakheri alinitazama, akajaribu kucheka. "Ni kweli," alisema. "Huyu hajaniajiri, hata chai hanipi."

Wakamchukua. Alikuwa amevaa ndala za kuogea. Aliniambia nimwangalizie kuku.

*

Hati ya wito ilibandikwa kwenye mlango wa msikiti siku ya pili. Iliandikwa kwa mashine, safi kabisa: Mwajiri wa Bi. Mwanatumu na mwenzake aje ofisi ya Uainishaji ndani ya siku saba, siku za kazi, saa za kazi, akiwa na vitambulisho. Akishindwa kufika, hatua zitachukuliwa. Mahali pa anwani waliandika: popote alipo.

Hakuna mtu aliyethubutu kuibandua hati ile, na hakuna aliyethubutu kupita mbele yake. Watu waliingia msikitini kwa mlango wa nyuma, ule wa vyooni. Maalim Shekue, imamu wetu, mtu mwenye sauti ya kuvunja kuta, alinong'ona adhana siku hiyo kama anayemwambia mgonjwa habari mbaya. Nilimfuata.

"Maalim, wamemwita Mungu ofisini."

"Nimesoma, Mwanatumu."

"Hutawaambia kitu?"

Akatazama huku na huku. "Mimi nimejaza kwamba ni mkandarasi binafsi," alisema. "Kanzu ni yangu, tasbihi ni yangu. Nikiwaambia kitu watauliza nani kanituma."

Jioni Mheshimiwa Mlezi wa Kodi alisema redioni kwamba serikali yake haimwogopi mwajiri yeyote, awe mkubwa kiasi gani, awe na matawi mangapi. Sijui wenzangu walisikia nini katika maneno hayo. Mimi niliingia ndani nikafunika vioo vyote kwa kanga, kama siku ya radi.

*

Siku ya nne nilikwenda ghalani na mkate wa kumimina uliofungwa kwa kitambaa. Kulikuwa na dirisha lenye wavu, na askari aliyeniruhusu kuongea kwa muda wa yeye kumaliza kula kipande chake, ambacho kilikuwa kikubwa.

"Shoga," nikasema, "umekonda."

"Umekonda wewe. Mimi nalishwa na serikali." Mdomo wake ulikuwa mkavu, na aliponyoosha mkono kupokea mkate ulitetemeka mpaka kwenye bega. "Kuku wametaga?"

"Mmoja."

"Huyo mweupe. Wengine ni wavivu, hao ndio wakandarasi."

Nyuma yake niliona watu wamekaa juu ya sakafu yenye nyuzi za pamba. Alikuwamo mkunga, alikuwamo mpiga ngoma wa harusi, alikuwamo bibi mmoja ambaye kosa lake lilikuwa kuwalea wajukuu bila kuweza kukataa. Hawakuzungumza. Walikuwa wanatutazama midomo.

"Kila asubuhi wananiuliza kama mwajiri wangu amekuja," Mwanakheri alisema. "Nawaambia yupo. Wanauliza yuko wapi. Nawaambia yupo hapa. Jana wakatafuta chini ya mikeka."

"Usifanye mzaha nao."

"Nani anafanya mzaha? Mwanatumu, walitafuta kweli."

Nilitaka kumwambia lile la moyoni. Nilitaka kusema: ningalisema neno moja tu ungalikuwa kwako. Lakini askari alikuwa amemaliza mkate, anapangusa vidole. Mwanakheri akasogeza uso kwenye wavu.

"Najua uliogopa," alisema taratibu. "Hata mimi ningeogopa. Ila mimi ningesema uongo."

*

Siku saba zikapita. Aliyeitwa hakuonekana na vitambulisho, na ofisi ikatoa uamuzi bila yeye: shughuli zake zote wilayani zimesimamishwa mpaka atakapojisajili. Chini wakazitaja shughuli zenyewe, na ya pili katika orodha ilikuwa kuosha maiti. Atakayeosha atapelekwa ghalani. Atakayeomba maiti wake aoshwe, naye pia.

Mji ukaogopa kufa. Sitii chumvi. Mgonjwa wa jirani yangu Bi. Saumu, ambaye alikuwa ameshaaga watu, aliamka akaomba uji, akasema atangoja. Tuliwafunika wazee kana kwamba ni mayai. Lakini kuna Mmoja ambaye hakuwa amesimamisha shughuli zake, na siku ya pili baada ya uamuzi ule, asubuhi, alikwenda nyumbani kwa Afisa Tausi akamchukua mama yake, Bibi Nunu, aliyekuwa akisuka ukili barazani.

Afisa alikuja kwangu kwa miguu. Muhuri ulikuwa mkononi bado, unagonga mlango kabla ya vidole. Karani Kingaru alimfuata kwa sababu kanuni inasema karani afuate muhuri.

"Shikamoo, Bi. Mwanatumu."

"Marahaba. Nimesikia. Pole, mwanangu."

"Nimezunguka mji mzima. Hakuna anayefungua mlango." Alitazama chini. "Jua linapanda."

Nilijua anataka nini na hakuweza kulisema, maana lilikuwa kosa, tena kosa aliloliandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri.  Nikasema, "Siwezi peke yangu. Mmiminaji wangu unaye wewe."

 Akachomoa kalamu, akamwandikia askari wa ghala karatasi.

Mwanakheri alifika akiwa amebebwa nusu. Tulitundika pazia uani kwa Bibi Nunu. Kingaru, kwa kuwa ni mwanamume, alikaa nje ya pazia na daftari lake, akiandika kwa masikio. Ndani tulikuwa mimi, Mwanakheri na Afisa, pamoja na maiti. Kulikuwa na majani ya mkunazi kwenye maji, na kafuri, na harufu ya ubani. Nilitia nia. Nikasema, "Mimina."

Kata ilianguka. Mwanakheri aliiokota, akachota tena, mikono ikamkatalia. Maji yalimwagikia miguuni kwake, yakaingia kwenye zile ndala. Alishikwa na kikohozi, na mbele ya maiti hatukohoi, basi akatoka akakaa nje ya pazia, karibu na miguu ya karani, akajifunga upande wa leso mdomoni.

Tulibaki wawili. Bibi Nunu alikuwa mdogo kwenye kitanda kile kama mtoto aliyelala alasiri. Afisa Tausi aliinama akachukua kata. Mnyororo wa muhuri ulimzuia. Akaupandisha hadi kwenye kiwiko, muhuri ukabaki unaning'inia.

"Mimina," nikasema.

Akamimina.

"Basi."

Akaacha.

Sikumpa sababu. Hakuuliza saa, hakuuliza zana ni za nani. Mara tatu upande wa kulia, mara tatu upande wa kushoto, na kila nilipotamka neno alilifuata, machozi yakimshuka kidevuni bila sauti, kama anayejua tangu zamani kwamba mmiminaji hasemi. Nje nilisikia kalamu ya Kingaru. Inakwaruza. Inakwaruza tena.

Tulipomvika sanda, Afisa aliosha mikono, akatoka uani, akatoa fomu mkobani. Sauti yake ilikuwa laini vile vile, ila safari hii ilikuwa na neno ambalo fomu haina.

"Naomba nikuulize tena lile swali. Huyu Mwanakheri umemwajiri wewe?"

Karani alinyanyua kichwa. Mimi niliona ghala, niliona mkasi, niliona miaka kumi na minane imepangwa kwenye mafaili. Hakuna kilichopungua. Nilikuwa naogopa zaidi kuliko siku ya kwanza.

"Ndiyo," nikasema. "Nimemwajiri mimi. Tangu siku nyingi."

Mwanakheri akakohoa kwenye leso, akasema, "Na chai hanipi."

Muhuri ukagongwa. Kadi ya kijani ikatoka, bado ina unyevu.

Afisa aliigusa ile kadi kabla ya kuiachia, kisha akaninong'oneza mpaka nikahisi pumzi yake sikioni. "Bi. Mwanatumu. Na mimi niliyemimina leo?"

Nikatazama nyuma yake. Kingaru alikuwa anapuliza wino ukauke.

*

Karani yule hakuwa mtu mbaya. Aliandika alichosikia tu: sauti ya Bi. Mwanatumu, Mimina, sauti ya maji, mmiminaji wa zamani yupo miguuni pangu anakohoa. Makao makuu waliisoma taarifa hiyo, wakatambua aliyemimina, wakampa Kingaru cheo. Siku ya tatu baada ya maziko alikuja kwangu na askari wawili, muhuri umefungwa mkononi mwake kwa mnyororo ule ule, umekazwa tundu mbili kwa kuwa mkono wake ni mwembamba. Katikati ya askari alisimama Tausi, amevaa nguo za msiba, hana kadi ya rangi yoyote.

"Mtuhumiwa huyu," alisema Afisa Kingaru, "alipangiwa saa na mtu asiye wa ofisi, kwa zana zisizo zake, na hakukataa. Si mwajiriwa wa serikali tena, na si mkandarasi. Amebaki kati. Kanuni inanitaka niulize kabla hajapelekwa." Akasafisha koo. "Huyu umemwajiri wewe?"

Tausi hakuniangalia. Alikuwa anaangalia miguu yangu, kama alivyotazama chini siku ya msiba wake.

Huyu ndiye aliyemchukua mwenzangu. Kama kuna aliyestahili kujibiwa kwa kweli, ni yeye. Na mlangoni, nyuma yangu, nilimsikia Mwanakheri amesimama, anapumua kwa tabu. Hakukuwa na maiti, lakini hakusema.

"Ndiyo," nikasema. "Na yeye pia."

Ndivyo nilivyokuwa tajiri, na kuosha kukaruhusiwa tena, kwa kuwa sasa kazi ilikuwa na mwajiri aliyesajiliwa, mimi. Kila asubuhi kabla ofisi haijafunguliwa wanaoogopa kubaki kati wanakuja kwangu, mmoja mmoja, na ndoo tupu mkononi ili ionekane ni kazi, na mimi nimejifunza kusema ndiyo kabla swali halijaisha. Leo nina waajiriwa kumi na tisa, akiwemo mpiga zumari wa harusi ambaye mbele ya maiti hafai kabisa.  Afisa Kingaru amesema atafungua mafaili ya nyuma mwezi ujao, na najua atafungua, kwani ni mtu anayeandika alichosikia.

Hati ya wito bado iko mlangoni pa msikiti. Imefifia kwa jua na mvua, navyo hakuna aliyeuliza ni zana za nani. Watu wanadhani yule aliyeitwa hakufika. Mimi ninaamini alifika, na atafika tena, na siku moja atafika kwa ajili yangu, nami nitalazwa kwenye kitanda kile kile, na Mwanakheri atasema "Mimina," na Tausi atamimina. Mwosha huoshwa.

Uongo wangu kumi na tisa ninao, nimeuhesabu, na nautubia kila alfajiri. Huo sihofu sana kuulizwa. Ninachohofu ni kwamba ataniuliza kwa nini mara ya kwanza nilisema kweli.